Mafuriko Hayaji na Maji Peke Yake

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tukirudi kutoka kliniki ya mkoba wilayani Ileje. Mvua ilikuwa imekwisha kukatika na jua linawaka, lakini tulipofika kwenye kalavati tulikuta maji yanapita juu ya barabara. Ng'ambo ya pili mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na sisi ndio tuliokuwa tukisubiriwa.

Tulisimama pale zaidi ya saa mbili. Tulipovuka tulimkuta amekwisha kujifungulia kwa jirani. Mtoto alikuwa mzima, lakini mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Maji yalipopungua tulikwenda kulitazama lile kalavati. Halikuwa bovu. Lilikuwa limezibwa na gogo moja, mashina ya migomba, mabua ya mahindi, matambara na chupa za plastiki. Akina mama wenzetu, mabua yale yalitoka katika mashamba yetu wenyewe.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza na kusoma. Kumbe wako wasomi ambao kwa miaka yote ya shahada ya uzamivu huchunguza jambo hili tu: maji ya mto yanakwendaje, na vitu vinavyoelea hukwama wapi. Katika maabara hujenga mfereji mdogo wenye kuta za kioo, huweka daraja la mfano, kisha huachia vijiti vielee kama magogo. Halafu huingiza hesabu katika kompyuta: upana wa mto, kina chake, mteremko wake, na jinsi kingo zilivyo laini au zenye mawe na vichaka. Kanuni moja wanayoitumia hata leo ilitolewa mwaka 1889 na Robert Manning, mhandisi wa Ireland.

Waliyoyaona, mama yeyote anayeosha vyombo atayaelewa. Punje za wali hupita katika tundu la sinki bila shida. Lakini kijiti kimoja kikilala juu ya tundu, punje hujishikiza hapo na maji hujaa. Mtoni ni vivyo hivyo. Gogo lililo refu kuliko upana wa njia ya maji hukingama. Matawi hujishika kwenye gogo, majani na plastiki hujaza nafasi, na mwisho huwa ukuta. Nyuma ya ukuta maji hupanda, na yale yanayobanwa chini hukimbia na kuchimba msingi wa daraja. Kasi ya maji ikiwa mara mbili, msukumo wake huwa mara nne.

Wenzetu wa Kenya waliliona jambo hili kwa machozi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, watu zaidi ya 40 walikufa katika mafuriko. Mwanzoni ilisemekana ni bwawa lililopasuka, lakini Wizara ya Maji ya nchi hiyo ilieleza kuwa njia ya maji chini ya reli ilizibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka yakabomoa. Hapa kwetu, tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliingia Katesh likibeba mawe na miti, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Mto wetu wa Songwe, unaotutenga na Malawi kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, nao huhama njia yake wakati wa mafuriko, hata mkulima akakuta shamba lake limebaki ng'ambo. Mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo. Hiyo ni kazi ya serikali. Kalavati la kijijini ni letu sote.

Basi tufanye haya:

1. Mabua tuyape mifugo au tuyafukie shambani yawe mbolea. Tusiyarundike kando ya mto.

2. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, tumwombe mwenyekiti wa kijiji au mtaa aitishe usafi wa mifereji na makalavati.

3. Maji yakiwa yanakwenda kasi, mume au kijana asiingie kuvuta gogo. Likiachia humzoa naye.

4. Tusivuke maji yanayopita juu ya barabara, hata yakiwa ya magotini, wala tusiwatume watoto.

5. Mjamzito anayekaribia siku zake asogee mapema karibu na kituo cha afya.

Nuhu aliijenga safina wakati ardhi ingali kavu. Kalavati lile sasa tunalisafisha kila Oktoba, na yule mama huja na jembe lake kabla ya wengine wote.