Taa ya LED bandani: inampa kuku mwanga, haimpi kifaranga joto

Vijana wafugaji wa Karagwe na Kyerwa, naulizwa sana, "Afisa, bandani niweke taa gani?" Kwa kuku wa mayai, weka LED. Kwa vifaranga, LED peke yake itakumalizia mtaji. Sababu ni hii.

Inavyofanya kazi

Balbu ya zamani ina waya mwembamba ndani. Umeme unaupasha mpaka unang'aa, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme unaoulipia inatoka kama joto. LED haina waya huo. Ina kipande kidogo cha semikondakta, na umeme ukipita humo unatoa mwanga moja kwa moja. Kwenye taa nyeupe, kipande hutoa mwanga wa bluu, na unga wa manjano uliopakwa juu yake unaufanya uonekane mweupe. Ndiyo maana LED ya wati 9 inaangaza karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60.

Hesabu ya mfukoni

Huku kwetu karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kuku anayetaga anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16, kwa hiyo unaweza kuongeza hadi saa 4. Chukua banda lenye taa 4:

- Balbu za wati 60: wati 240 × saa 4 × siku 30 = uniti 28.8 kwa mwezi.
- LED za wati 9: wati 36 × saa 4 × siku 30 = uniti 4.3.

Zidisha kwa bei ya LUKU unayolipa wewe, utaona tofauti.

Kwa kuku wa mayai

- Chagua mwanga wa njano, boksi limeandikwa 2700K au 3000K. Mwanga wenye wekundu ndani yake unachochea utagaji kuliko ule mweupe wa bluu.
- Usiwaongezee mwanga mitetea ambao bado hawajafikia umri wa kutaga. Wakifika, ongeza nusu saa kila wiki.
- Washa alfajiri. Ukifikia saa 16, utakuwa unawasha saa 9 usiku mpaka kupambazuke. Jioni acha giza liingie lenyewe, kuku wapate muda wa kupanda vichanjani.
- Ratiba isiyumbe. Mwanga ukipungua ghafla, mayai yanashuka. Umeme ukikatika mara kwa mara, funga LED za volti 12 kwenye betri ya sola.
- Futa vumbi la maranda kwenye taa, na usiifungie ndani ya kopo. LED ikikosa hewa inachemka na kufa mapema.

Kwa vifaranga

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, na usiku wetu wa milimani ni wa baridi. Ukitoa balbu ya zamani ukaweka LED, bruda itang'aa vizuri tu, lakini vifaranga watarundikana, watalaliana, na asubuhi utaokota mizoga. Tumia taa maalumu ya joto, au jiko la mkaa kwenye banda linalopitisha hewa, maana gesi yake inaua. LED ibaki ya kuwaonyesha chakula na maji.

Kwa hiyo ukifika dukani, jiulize kwanza: nataka mwanga au nataka joto?