Nadharia haipandi cheo ikawa kanuni

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari karibu na Kisian, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Nilipomaliza, msichana mmoja aliinuka akaniuliza: "Mwalimu, nadharia ikishathibitishwa, huchukua miaka mingapi kupandishwa cheo na kuwa kanuni?"

Wenzake hawakucheka. Wala mimi sikucheka, kwa maana katika miaka yangu ya ualimu niliwafundisha wengi hivyo hivyo: kwamba wazo huanza likiwa dhana, hukua likawa nadharia, na mwishowe hutawazwa kuwa kanuni. Nilikosea, na ni vyema nikiri hapa gazetini.

Kanuni hueleza jambo linavyotokea. Nadharia hueleza kwa nini linatokea hivyo. Jibu la swali moja haliwezi kukomaa likawa jibu la swali jingine.

Sikuhitaji kutafuta mfano mbali. Selimundu ni ugonjwa unaofahamika sana kandokando ya Ziwa. Kanuni za urithi alizozichapisha Gregor Mendel mwaka 1866, baada ya kuchunguza njegere, zatuonyesha kwamba wazazi wawili ambao kila mmoja wao ana jeni moja ya selimundu wana uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kupata mtoto mgonjwa. Tena ni kwa kila mimba. Wapo wanaodhani kwamba wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. La hasha! Kila mimba huanza hesabu upya.

Hata hivyo, kanuni hizo zanyamaza mbele ya swali zito zaidi. Jeni inayoangamiza watoto mbona haikutoweka zamani? Mwaka 1949, Anthony Allison, daktari mtarajiwa aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na huku Ziwani aliikuta jeni hiyo kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii. Katika nyanda za juu zenye baridi haikufika hata asilimia 1.

Hapo Mendel hana la kusema. Allison aliigeukia nadharia ya uteuzi asilia ya Charles Darwin, akakisia kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria, maradhi ya maeneo yenye joto na mbu. Katika utafiti alioutangaza mwaka 1954, Wajaluo 30 waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi (jaribio ambalo sidhani kamati yoyote ya maadili ingeliruhusu leo). Kati ya 15 wasio na jeni, vimelea vilistawi kwa 14. Kati ya 15 walio nayo, ni wawili tu.

Baadaye watafiti wa kituo cha KEMRI, hapo hapo Kisian, pamoja na wenzao Wamarekani, waliwafuatilia watoto wa Asembo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba wenye jeni moja walifariki kwa uchache zaidi, hususan kati ya miezi 2 na 16, umri ambao malaria huvuna wengi.

Basi mtu akisema "hiyo ni nadharia tu", neno "tu" hilo lina gharama. Nimehudhuria mazishi ya mtoto wa selimundu ambako mama alinong'onwa kuwa ameleta laana katika boma la mumewe. Kanuni peke yake ingemwambia mama yule kwamba yeye na mumewe walichangia sawasawa. Nadharia ingemwambia jambo kubwa zaidi: kwamba jeni hiyo huenda ndiyo iliyowavusha mababu zake utotoni, wakati wenzao walipozikwa kwa homa.

Nilipokuwa nikijiandaa kuondoka, msichana yule alinifuata hadi langoni. Alitaka kujua, kwa kuwa sasa kuna vyandarua, na tangu mwaka 2019 chanjo ya malaria inatolewa huku magharibi mwa Kenya, je, malaria ikiisha jeni nayo itaisha?

Nikamjibu kwamba nadharia yatabiri itapungua, polepole mno, kizazi baada ya kizazi. Na ile hesabu ya mmoja kwa wanne? Hiyo, nikamwambia, itabaki vile vile kwa kila wazazi wawili watakaokutana nayo. Akatoa kalamu, akaandika yote mawili, kila moja kwenye ukurasa wake.