Karanga hadi korosho: Mkataba ukivunjika, mkulima wa Nachingwea ndiye hulipa

MSAFIRI anayetoka pwani kwenda Nachingwea siku hizi hapandi treni. Reli ya Jimbo la Kusini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba karanga hadi baharini, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake kung'olewa.

Karanga zilizokusudiwa kujaza mabehewa hayo hazikupatikana kamwe kwa kiwango kilichopangwa.

Wengi wameusikia mradi huo kama kichekesho cha wakoloni walioshindwa na visiki. Lakini kwa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, ambao leo wanaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi, habari ile ni somo la mikataba. Serikali inapoipa kampuni kazi kwa haraka ya vita, au kwa haraka inayofanana na vita, ni nani anayewajibika kazi ikiharibika?

Njaa ya mafuta baada ya vita

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa bado inagawa chakula kwa mgao. Mafuta ya kupikia na majarini vilikuwa haba.

Mwaka 1946, Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa Company, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilikuwa tawi la Unilever, mtengenezaji mkubwa wa majarini na sabuni. Yaani aliyeleta wazo alikuwa pia na haja ya mafuta ambayo yangetokana na wazo hilo.

Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ndani ya miezi michache ripoti ikawa mezani.

Mpango ulikuwa wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 katika Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ingekuwa makao. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi.

Kwa kuwa kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kutosha, kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Shamba la majaribio halikuanzishwa kwanza. Sababu iliyotolewa ni kwamba njaa ya mafuta haingoji.

Wakala anayetumia fedha za mwingine

Shirika la umma la kuendesha mradi lilikuwa bado halijaundwa. Kwa hiyo Wizara ya Chakula ya Uingereza, chini ya waziri John Strachey, iliifanya United Africa Company kuwa wakala wake. Kampuni ilisimamia kazi, hazina ikatoa fedha.

Mashine zilitafutwa katika mabaki ya vita. Matrekta yaliyotumika yalinunuliwa hadi Ufilipino, na mengi yaliharibika mapema. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Askari waliomaliza vita waliajiriwa, na mradi ukaendeshwa kwa lugha ya jeshi: kampeni, mapambano, ushindi.

Msimu wa kwanza ulilenga ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500 tu.

Machi 1948 kampuni ilikabidhi kazi kwa shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Hapo ndipo ugumu wa uwajibikaji ulipoanza kuonekana. Shirika lingeweza kusema limerithi makosa. Kampuni nayo ingeweza kusema imekwisha kuondoka. Waziri naye angeweza kusema aliwategemea wataalamu.

Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu wa shirika walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vya mwaka wa kwanza vilitunzwa ipasavyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Wakefield na mwenzake John Rosa, waliokuwa wote katika ujumbe wa 1946 na sasa wajumbe wa bodi, walitakiwa kujiuzulu. Walikataa, wakaondolewa.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo mkubwa. Hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa kama pauni milioni 36. Mlipa kodi wa Uingereza aliibeba kwa fedha. Kusini mwa Tanganyika kulibakia mashamba yaliyosafishwa, majengo, uwanja wa ndege na reli isiyo na mzigo. Shamba mojawapo, Farm 17, baadaye likawa kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO.

Kwa nini utiifu hupotea njia

Wataalamu wa uchumi huligawa tatizo hili katika sehemu mbili: mwenye mali na wakala wake. Wakala humtii yule anayemlipa, lakini zaidi huitii namna anavyolipwa.

Tuseme mkandarasi anarudishiwa gharama zote, kisha anaongezewa asilimia 10. Kazi ikigharimu Sh100 milioni, anapata Sh10 milioni. Gharama ikipanda hadi Sh150 milioni, anapata Sh15 milioni. Si lazima awe mwizi. Mkataba wenyewe unamwambia asiwe na haraka ya kubana matumizi.

Marekani ililiona hili wakati wa vita hiyohiyo. Mwaka 1941 Baraza la Seneti liliunda kamati chini ya Harry Truman kuchunguza zabuni za vita. Mwaka huo pia sheria ilipiga marufuku mikataba ya vita inayolipa faida kwa asilimia ya gharama. Mwaka 1942 ikaja sheria iliyoruhusu serikali kurudi mezani na kampuni zilizopata faida kupita kiasi.

Maana yake ni kwamba nchi iliyokuwa vitani haikuona ukaguzi kuwa usaliti. Iliuona kuwa sehemu ya vita.

Malori ya jeshi na korosho

Miaka karibu 70 baada ya karanga, Nachingwea na Ruangwa ziliona tena haraka ya aina hiyo.

Msimu wa 2018/19 wakulima wa Lindi na Mtwara waligomea bei za mnada walizoziona kuwa ndogo. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba na kuilinda. Bodi ya Korosho ilivunjwa na mawaziri wawili wakaondolewa.

Nia ya kumlinda mkulima ilikuwa wazi, na bei ilikuwa nzuri kuliko ya wanunuzi wa wakati huo. Lakini mnunuzi wa kuitoa korosho hiyo ghalani alikuwa bado hajapatikana.

Januari 2019 Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ilitia saini mkataba na kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya. Ulikuwa wa tani 100,000 kwa Sh418 bilioni, sawa na Sh4,180 kwa kilo. Biashara hiyo haikutekelezwa, na miezi michache baadaye serikali ikatangaza kuuvunja mkataba.

Wakati huohuo malipo ya wakulima yalikuwa yakisubiri uhakiki, hasa kwa waliopeleka zaidi ya kilo 1,500, ili kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba. Mkulima wa kilo 600 alikuwa akidai Sh1,980,000. Kama fedha hiyo inachelewa hadi msimu wa kupulizia, salfa hainunuliwi kwa wakati na mavuno ya mwaka unaofuata hupungua. Hasara hiyo haiandikwi katika kitabu cha hesabu cha mtu yeyote.

Mambo ya kudai

Karanga na korosho si kitu kimoja. Ya kwanza ulikuwa mradi wa mkoloni kwa faida ya walaji wa Ulaya, ya pili hatua ya serikali ya nchi huru kwa ajili ya mkulima wake. Zinachofanana ni amri iliyotangulia maandalizi.

Wanachama wa vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wana nafasi ya kudai mambo manne kila mkataba mkubwa unapoletwa.

Kwanza, mzigo usitoke ghalani kabla fedha au dhamana ya benki haijaonekana. Mnunuzi mwenye uwezo haoni tabu kuweka dhamana.

Pili, aliyeleta wazo asiwe msimamizi na mkaguzi wa wazo lilelile.

Tatu, jambo jipya lijaribiwe kidogo kwanza. Ekari 500 zingetosha kuonyesha mwaka 1946 yale ambayo Kongwa ilionyesha kwa mamilioni ya pauni.

Nne, kazi inapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, makabidhiano yaandikwe: fedha kiasi gani, mali ipi, deni lipi, na jina la ofisi itakayojibu.

Mambo hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji mkutano mkuu wa chama ambao mwanachama anaweza kusimama, akaomba kusomewa mkataba, na asiambiwe kwamba kuuliza ni kukosa uzalendo.