Kizibo Unacho, Zawadi Hupewi: Kisa cha Namba 349

Leo tuelezane jambo moja linalouma: umeshinda promosheni, kizibo kiko mkononi, halafu kampuni inakwambia hujashinda. Inakuwaje? Kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovijua kilitokea Ufilipino mwaka 1992.

Pepsi ya kule ilianzisha promosheni iliyoitwa Number Fever. Chini ya kila kizibo kuna namba ya tarakimu tatu, na namba inayoshinda inatangazwa kwenye TV. Zawadi kubwa peso milioni 1, kama dola 40,000 za wakati ule. Watu wakanywa soda mpaka basi!

Tarehe 25 Mei ikatangazwa 349. Kumbe vizibo vya namba hiyo vilivyochapwa vilikuwa kama 800,000. Piga hesabu mwenyewe: kulipa vyote ni zaidi ya dola bilioni 30. Haiwezekani.

Sasa sikilizeni kampuni ilivyojitoa. Kila kizibo kilikuwa pia na alama nyingine ndogo ya usalama, na kampuni ikasema vizibo hivyo vya 349 havina alama sahihi. Jamani, nani alikuwa anaangalia alama? Watu wote macho kwenye namba tatu. Wakapewa peso 500 za kuwapoza, na watu 486,170 wakazichukua. Waliokataa waliingia barabarani, magari ya kampuni yakachomwa, mabomu yakarushwa, na watu wasiopungua watano wakafa. Kesi zikaenda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa, ambayo mwaka 2006 ilisema kampuni hailazimiki kulipa. Miaka 14 ya kupigwa danadana!

Maana yake ni hivi. Tangazo linakuonyesha gari na mamilioni, lakini kinachoamua ulipwe au usilipwe ni vigezo na masharti, yale yanayosomwa redioni haraka kama msomaji anakimbizwa na mbwa. Humo ndimo wanamoficha alama ya usalama, tarehe ya mwisho, na ile "hadi zawadi zitakapoisha". Kisheria wanaweza kuwa sawa, ila mimi naona kama umechapa mwenyewe, ubebe mzigo mwenyewe.

Hiyo "zitakapoisha" naijua. Nilipata kizibo cha fulana, wakala akanituma ghalani, ghalani wakanirudisha kwa wakala, mwisho nikaambiwa fulana zimeisha. Kampuni siitaji. Nauli za daladala tu zilizidi bei ya soda.

Kwa hiyo ukishinda, kwanza kipige picha kizibo pande zote, alama zote zionekane. Usimwachie mtu hivi hivi, akuandikie kwamba amekipokea, aweke na jina na tarehe. Wakikukatalia, waulize ni sharti namba ngapi na wakuonyeshe lilipoandikwa. Wengi hapo huanza kubabaika.

Wakizidi longolongo, kwa hapa Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Maafisa wake ndio mnaowaona wamesimama pembeni droo ikichezeshwa, kwa hiyo hawawezi kusema promosheni hiyo hawaifahamu. Andika barua, ambatanisha picha, na nakala baki nayo.