Marhubi: Kasri Lililoungua na Bustani Iliyobaki

Atokaye Mji Mkongwe wa Unguja akashika njia ya Bububu, baada ya kilomita chache tu huifikia Marhubi, bahari ikiwa kushotoni kwake. Hapo ndipo Sayyid Barghash bin Said, aliyeitawala Zanzibar tangu 1870 hadi alipofariki 1888, alipojenga kasri la shamba mwanzoni mwa miaka ya 1880, apate kujitenga na joto na makelele ya mji. Orofa yake ilikuwa ya mbao, ikazungukwa na roshani pana iliyobebwa na nguzo nene za mawe. Halikudumu. Mwaka 1899 moto uliliteketeza, na marumaru za hamamu zikaibwa baadaye. Nguzo zingali zimesimama, pasina kitu cha kubeba.

Wageni hupiga picha nguzo hizo kisha wakaondoka. Mimi naona wamekosa lililo bora.

Barghash aliizuru Uingereza mwaka 1875, na husimuliwa kwamba ukuta mkubwa wa shamba la Marhubi aliuiga kutokana na kuta alizoziona kwenye mashamba ya mabwana wa huko. Ndani yake akapanda miembe, akafanya birika za mayungiyungi, na maji akayaleta kwa mfereji wa mawe. Naam, maji yalikuwa hima yake; ndiye aliyeyavuta ya chemchemi hadi mjini, yakawafikia raia. Kasri lile waliliingia wachache walioruhusiwa. Kivuli cha miembe, kwa miaka mingi sasa, hukaliwa na yeyote apitaye, awe mvuvi au mwanafunzi, wala haulizwi ni mwana wa nani.

Hofu yangu ni hii. Nguzo ikipasuka, fundi huja na chokaa akaiziba. Mwembe ukianguka hauungiki, na mche wa kushika mahali pake hauna budi uwe umepandwa miaka mingi kabla. Magofu yana sheria ya kuyahifadhi. Miti iliyoyazunguka mara nyingi huhesabiwa kuwa kuni zisizokatwa bado.

Basi wazazi mtakaovuka kwenda Unguja likizo hii, wapitisheni watoto Marhubi mchana, jua linapokuwa kali. Waacheni wakae chini ya mwembe kwanza, nguzo wazitazame baadaye, na mkiona mche mchanga umeota mahali pa wazi, wafunzeni wasiukanyage.