Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki: Kuundwa na Kugawanyika Kwake

Wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipounda Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki, mnamo miaka ya 1956 na 1957, maktaba za umma zilikuwa chache mno. Nairobi palikuwa na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi iliwahudumia Wazungu peke yao. Msomaji wa mashambani alitegemea masanduku ya vitabu yaliyopelekwa na idara ya vitabu ya serikali za Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, au aliazima kwa posta.

Haja kubwa ya wakutubi ilikuwa sheria, kwani maktaba isiyo na sheria hutegemea hisani ya afisa wa siku hiyo. Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965.

Hapo ndipo palipo na kitendawili cha historia hii. Bodi hizo zilikuwa ushindi wa taaluma nzima, na papo hapo zilikilegeza chama. Mkutubi sasa aliajiriwa na bodi ya taifa lake, akaomba fedha kwa hazina ya taifa lake, na mashauri yake yakasikilizwa na waziri wa taifa lake. Chama cha nchi tatu hakikuwa na waziri wa kukisikiliza. Kilichobaki kuwaunganisha wakutubi kilikuwa mafunzo: chuo cha ukutubi kilichoanzishwa Makerere mwaka 1963 kilipokea wanafunzi wa nchi zote tatu, na waliosoma pamoja waliendelea kujuana. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjika mwaka 1970, mwelekeo ulikuwa dhahiri. Ilipofika miaka ya 1972 na 1973, matawi yalikuwa yakigeuka vyama vya kitaifa.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba ushirikiano ulikufa. Mwaka 1974 wakutubi walikutana Dar es Salaam katika Mkutano wa Kudumu wa Wakutubi wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kisha Lusaka mwaka 1976 na Nairobi mwaka 1978. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika mwaka 1977, ikiacha ugomvi wa reli na ndege. Mkutano haukuwa na mali ya kugombewa, ulihitaji mwenyeji tu.

Wanalugha watavutiwa na jambo moja zaidi. Jarida la chama cha Kenya liliitwa *Maktaba*, na la Tanzania *Someni*. Majina yalikuwa ya Kiswahili. Makala ndani yake, kwa sehemu kubwa, yaliandikwa kwa Kiingereza. Neno mkutubi, lenye mzizi mmoja na kitabu na katibu, lilikuwa tayari limezoeleka, lakini mjadala wa kitaalamu wa mkutubi huyo ulibaki katika lugha aliyofundishiwa.