Maini ya bata na matunda matamu: chakula cha sikukuu cha Wafaransa kinachozua ubishi

Kila mwaka, Noeli inapokaribia, maduka ya Paris, Bordeaux na Toulouse hujaza meza zao chakula kimoja cha bei kali: foie gras, yaani ini la bata au la bata bukini lililononeshwa mpaka likajaa mafuta. Pembeni yake huwekwa chupa ndogo za matunda yaliyopikwa na sukari: tini, zabibu, tofaa, na siku hizi hata embe. Kwa familia nyingi za Ufaransa, zikiwemo zile za Wakongomani waliohamia huko, usiku wa mwaka mpya haukamiliki bila kipande cha ini hilo juu ya mkate uliochomwa.

Wanaokula kwa mara ya kwanza hushangaa: kwa nini nyama iliwe na kitu kitamu? Jibu lina historia ya zaidi ya miaka 2000, na linagusa pia ubishi mkubwa unaoendelea Ulaya juu ya namna bata hao wanavyolishwa.

Tunda lililolipa ini jina

Wamisri wa kale ndio wa kwanza kujulikana kuwalisha ndege kwa nguvu. Katika makaburi ya Saqqara, yaliyochongwa zaidi ya miaka 4000 iliyopita, kuna picha za watu walioshika shingo za bata bukini huku wakiwatia chakula mdomoni.

Warumi walifuata, lakini wao walipenda kulisha kwa tini zilizokaushwa. Mwandishi wao Plinius, aliyeishi karne ya kwanza, anaeleza kwamba tajiri mmoja mpenda chakula, Apicius, aliwapa hata nguruwe tini ili maini yao yakue kama ya bata bukini. Kwa Kilatini ini liliitwa iecur, na ini la mnyama aliyelishwa tini likaitwa iecur ficatum, kutokana na ficus, yaani tini. Polepole watu wakaacha neno la kwanza wakabaki na la pili. Ficatum likageuka foie kwa Kifaransa, fegato kwa Kiitalia na hígado kwa Kihispania.

Kwa hiyo mgonjwa wa Lubumbashi au Bukavu anayeambiwa na daktari kwamba foie yake imevimba, anatajiwa tunda la tini bila yeye wala daktari kufikiri hivyo. Tini iliingia kwanza tumboni mwa ndege, baadaye ndani ya neno, na leo inakaa pembeni ya sahani.

Baada ya Christopher Columbus kufika Amerika, mahindi yalivuka bahari na kuenea kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika majimbo ya Landes, Gers na Périgord. Mahindi yalikuwa rahisi kupatikana na yalinonesha haraka, basi yakachukua nafasi ya tini. Mpaka leo mahindi ndiyo chakula cha bata wa foie gras.

Bata mwenye baba anayejulikana vijijini Congo

Zamani foie gras ilitoka zaidi kwa bata bukini, ndege mwenye shingo ndefu ambaye Wafaransa humwita oie. Siku hizi karibu yote inayotengenezwa Ufaransa inatoka kwa bata aitwaye mulard. Mama yake ni bata wa kawaida wa aina ya Pékin, na baba yake ni canard de Barbarie, yule bata mzito mwenye nyama nyekundu usoni anayeonekana akitembea katika nyua za vijiji vingi vya Congo. Mulard ni kama nyumbu: ana nguvu na ananenepa vizuri, lakini hazai.

Bata huyo huishi wiki nyingi nje kwenye majani. Kisha huingizwa ndani kwa siku 10 hadi 14 hivi za kulishwa kwa nguvu, kazi ambayo kwa Kifaransa inaitwa gavage. Mara mbili kwa siku mfugaji anamtia bomba kooni na kusukuma uji wa mahindi. Ini ambalo kwa kawaida lingekuwa chini ya gramu 100 hufika gramu 500 au zaidi, na karibu nusu yake huwa mafuta. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka ini la bata lisipungue gramu 300 ndipo liuzwe kwa jina la foie gras. La bata bukini lisipungue gramu 400.

Tunda linafanya kazi gani?

Mafuta hayo mengi ndiyo yanayoeleza kazi ya tunda. Ini lililonona huyeyuka mdomoni kama siagi na kuufunika ulimi wote. Tonge la kwanza ni tamu sana. La tatu, kama hakuna kitu kingine, linaanza kuchosha. Uchachu wa tunda hukata mafuta na kuuamsha ulimi, na sukari yake hulainisha uchungu kidogo ulio katika kila ini.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatafuta utamu na kusahau uchachu. Jamu ya tini iliyojaa sukari hufunika ladha ya ini, na mtu anabaki akila peremende juu ya mkate. Ndiyo maana mpishi mzuri huongeza siki, limau au pilipili manga katika tini zake, na huchagua tofaa zenye uchachu kuliko zile za unga na sukari. Kwa embe pia, linalofaa ni lile linaloanza tu kuiva.

Kila upande una desturi yake. Normandie, nchi ya tofaa, watu hukaanga vipande vya tofaa na kumwagia calvados, pombe kali ya tunda hilohilo. Kusini-magharibi hupendwa pruneaux, plamu zilizokaushwa za Agen, zikilowekwa katika pombe ya Armagnac. Wakati wa mavuno ya divai, zabibu mbichi humenywa moja moja na kupashwa moto dakika chache ndani ya kikaango kilichopika ini. Na divai tamu ya Sauternes, inayotoka karibu na Bordeaux, nayo hufanya kazi ya tunda: hutengenezwa kwa zabibu zilizokauka juu ya mti kwa sababu ya ukungu, zikabaki na sukari nyingi lakini bila kupoteza uchachu.

Namna ya kupika

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya moto mkali. Ini hutolewa kwenye friji likiwa baridi kabisa, likakatwa vipande vya unene wa sentimita 1 na nusu hadi 2, kisha hutiwa chumvi na pilipili manga. Kikaango huwekwa motoni kikiwa kikavu, bila tone la mafuta, kwa sababu ini lenyewe litayatoa. Kila upande hukaa karibu dakika moja tu, mpaka uwe na rangi ya kahawia. Ukichelewa, kipande chote kinageuka mafuta na mpishi anabaki na kikaango kilichojaa na sahani tupu.

Ini likishatolewa, mafuta humwagwa na kubakizwa vijiko viwili. Humo ndimo tunda hukaangwa. Mwishoni hutiwa kijiko kimoja cha siki au maji ya limau ili kukwangua utamu ulioshika chini ya kikaango, na mchuzi huo mfupi humwagwa juu ya ini.

Njia ya pili ni ya moto mdogo. Mishipa ya ini hutolewa kwa uangalifu, kisha kila kilo hutiwa gramu 12 hadi 14 za chumvi na pilipili manga kidogo. Ini hugandamizwa katika chombo cha udongo kiitwacho terrine, na chombo huwekwa ndani ya maji ya moto katika tanuri. Likipoa hukaa kwenye friji siku mbili au tatu kabla ya kukatwa. Hilo huliwa baridi, na tunda lake hupikwa mbali: tini, kitunguu, siki na sukari kidogo, kwa moto wa polepole mpaka vishikane.

Ubishi unaogawanya Ulaya

Mwaka 1998, kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya ilitoa ripoti iliyosema kwamba kulisha kwa nguvu, jinsi kunavyofanywa, kunadhuru hali ya ndege. Wanaopinga wanataja ini linalogeuka gonjwa, bata anayehema kwa shida na majeraha ya koo. Wafugaji wanajibu kwamba koo la bata limeumbwa kumeza samaki mzima, na kwamba ndege wa porini nao hujaza mafuta katika ini kabla ya safari ndefu za majira ya baridi.

Mataifa yamechukua njia tofauti. Uingereza hairuhusu uzalishaji, ingawa ini kutoka nje huuzwa. India ilizuia uingizaji mwaka 2014. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria ya kuzuia mwaka 2004, ikaanza kutumika 2012. Ubelgiji, ambako Wakongomani wengi wanaishi, imegawanyika: Bruxelles ilipiga marufuku kulisha kwa nguvu mwaka 2017, Flandre ikafuata mwishoni mwa 2023, na Wallonie inaendelea.

Ufaransa imesimama upande mwingine. Sheria ya Januari 2006 inatangaza foie gras kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni na wa mapishi unaolindwa. Sheria hiyohiyo inaeleza kwamba foie gras ni ini la bata au bata bukini lililononeshwa kwa gavage. Maana yake ni kwamba, mbele ya sheria ya Ufaransa, ini lililonona lenyewe bila bomba haliwezi kubeba jina hilo.

Jambo hilo lilimgusa Mhispania Eduardo Sousa, mfugaji wa Extremadura. Bata bukini wake hutembea huru, na baridi inapokaribia hula wenyewe kwa pupa zeituni, matunda ya mti wa mwaloni na tini. Huchinjwa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka 2006 ini lake lilipata tuzo katika maonyesho makubwa ya vyakula ya SIAL, mjini Paris, na wazalishaji wa Ufaransa wakapinga lisiitwe foie gras. Lakini ini lake ni dogo zaidi, linapatikana kwa uchache, na bei yake ni ya juu mno kwa familia ya kawaida.

Wafugaji wa Ufaransa wamepigwa pia na ugonjwa. Katika msimu wa 2021 na 2022, mafua ya ndege yalisababisha kuuawa kwa kuku na bata zaidi ya milioni 20 nchini humo, na majimbo ya bata yaliumia sana. Tangu Oktoba 2023 serikali inalazimisha chanjo kwa mashamba yenye bata zaidi ya 250. Kijiji kinachoishi kwa bata kinapopoteza bata wote, mwenye mahindi, mchinjaji na dereva wa lori nao hukosa kazi.

Ladha hiyohiyo kwa maini ya kuku

Kwa anayeishi Goma, Kisangani au Kolwezi, foie gras ni chakula cha hoteli kubwa na cha wenye pesa. Lakini elimu ya tunda na ini haihitaji bata aliyelishwa kwa nguvu. Maini ya kuku yanauzwa sokoni kwa bei ndogo, na maembe na mananasi hayakosekani.

Kwa nusu kilo ya maini ya kuku, chukua embe moja linaloanza kuiva, kitunguu kimoja kikubwa, kijiko kimoja cha sukari, viwili vya siki au maji ya ndimu, na tangawizi kidogo. Kaanga kitunguu polepole mpaka kilainike, tia embe lililokatwa vipande, sukari, tangawizi na siki, uache dakika 10 vishikane. Kauka vizuri maini kwa kitambaa safi, yatie chumvi, kisha yakaange kwa siagi katika moto mkali, bila kuyarundika, yapate rangi kila upande. Kwa kuwa maini ya kuku yanaweza kubeba vijidudu, yapike mpaka ndani pasibaki damu, tofauti na yale ya bata ambayo Wafaransa huyaacha laini katikati.

Kwa kuwa maini ya kuku hayana mafuta mengi, siagi ndiyo inayojaza pengo hilo, na siki ndiyo inayolizuia embe lisigeuke jamu. Onja tunda kabla ya kuliweka mezani: likikuchachusha kidogo ulimi, liko tayari.